Komunike ya Papa Adalbert

Kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mtu hafi mpaka Mama Delphine amtaje. Ndivyo watu walivyosema, nusu kwa utani na nusu kwa kweli. Daktari atasema lake na padri atasema lake, lakini jamaa wa Kipushi na wa Luano hawafungi nguo za safari mpaka sauti ile ipite redioni alfajiri, ikitaja jina zima pole pole, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kumshtua.

Delphine Mwelwa alikuwa na miaka ishirini na saba Redio Kisima. Aliingia pale kupiga chapa barua. Asubuhi moja mtangazaji wa makomunike, zile taarifa za misiba, aliamka hana sauti, Delphine akasukumwa mbele ya maikrofoni kuziba pengo, na pengo lile hakulitoka tena. Wenzake wengi aliowafundisha kazi walihamia kwenye televisheni wakanenepa, mmoja akaenda Kinshasa akawa anamsemea mkubwa fulani. Yeye alibaki na vifo vya watu. Si kwamba hakufanya mengine. Alitangaza chanjo na siku za maji kukatika, alirudisha watoto waliopotea sokoni kwa mama zao, na Jumamosi alishika jembe na klabu ya wasikilizaji wake wakazibua mifereji, huku akitukana kwa upole waliotupa takataka humo. Lakini nani hukumbuka mfereji uliozibuliwa? Watu walimkumbuka kwa misiba.

Alikuwa na siri moja ambayo hakumwambia hata mume wake alipokuwa hai. Akisoma jina la marehemu, alimwona. Hakuwa mtu wa mapepo, alikuwa Mkatoliki wa kawaida anayesinzia kwenye mahubiri marefu. Ila kwenye kioo cha studio, kile kinachomtenga na fundi mitambo, mtu huyo alipita taratibu, amempa mgongo: mama mwenye kitenge cha njano, mzee mwenye kofia, kijana aliyebeba viatu mkononi. Delphine alingoja apite kabisa ndipo ageuze karatasi. Wasikilizaji walidhani ni heshima, wakampenda kwa ukimya ule.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeng'ata mji na ukungu umelala juu ya mabati, Delphine alikuta karatasi tano mezani. Ya nne ilikuwa na mwandiko wa haraka, kwa Kifaransa, kama kawaida ya watu wanaotaka jambo lao lionekane zito. Ilisema kwamba jamaa ya Chomba inatangaza disparition ya baba yao, Papa Adalbert Chomba, machinisti, dereva wa zamani wa gari la moshi, iliyotokea Jumanne. Chini palikuwa na anwani ya lupango lao, kiwanja wanachokaa, na saini ya binti yake, Princesse.

Sasa hapa msomaji anisikilize vizuri, maana kosa lote liko katika neno hilo moja. Disparition ni kupotea, mtoto wa shule anajua. Lakini Lubumbashi hakuna mtu anayeandika kwenye komunike kwamba baba amekufa. Ni ukali, ni kumpiga marehemu kofi. Watu huandika kwamba ametutoka, ameitwa, na wenye Kifaransa huandika disparition. Kwa miaka ishirini na saba neno hilo lilipita mikononi mwa Delphine mara maelfu, na mara zote lilikuwa na maiti nyuma yake. Mtoto akipotea watu huleta karatasi iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa kwamba wanatafuta. Hii haikuandikwa hivyo. Delphine hakusita hata kidogo. Mazoea yana taabu.

Akasoma kwa Kiswahili cha mji, kwamba Papa Adalbert ametutoka, na kwa kuwa karatasi haikutaja siku ya maziko, akaongeza mwenyewe kwamba habari za maziko zitafuata na kilio kiko kwenye lupango lake. Halafu akatazama kioo, angoje mzee apite. Hakupita mtu. Aliona reli mbili tu, zimelowa, zinaingia kwenye ukungu. Akangoja, akangoja, mpaka fundi mitambo, mwanamke mmoja makini aitwaye Ariel, akamgongea kioo kwa kidole. Delphine akadhani ni uchovu. Akageuza karatasi.

Kabla jua halijatoa ukungu, Princesse Chomba aliingia studio bila kubisha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, sweta juu ya sweta, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala siku mbili. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama Delphine, papa yangu hayakufa," alisema. "Alipotea. Akili yake inasahausahau. Bantu bote benye balikuwa banamutafuta, sasa beko banafunga bâche kwetu ku lupango."

Delphine aliomba kuiona karatasi tena ingawa alikuwa ameishika. Akaisoma neno kwa neno, na neno lile likamgeukia likamtazama kwa uso mwingine. Akaketi. Princesse akaeleza mengine akiwa amesimama. Baba yake alitoka Jumanne asubuhi amevaa koti la kazini, wakadhani ameenda kuota jua. Waimbaji wa parokia walikuwa wamejigawa, hawa njia ya Kipushi, hawa sokoni, hawa hospitalini. Leo alfajiri walipaswa kwenda mbali zaidi. Wakasikia redio. Wakarudi mmoja mmoja, wameinamisha vichwa, wakaanza kufunga turubai na kupanga viti. Majirani wamekuja na vitenge vimefungwa kiunoni, wanalia, na kila Princesse akiwaambia kwamba mzee hajafa wanamkumbatia na kumwambia alie tu, asijizuie. Mzee amelala nje usiku mara mbili katika baridi hii. Wa tatu hataumaliza.

Delphine alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Katika maisha yake alikuwa amekosea majina, amechanganya parokia, mara moja alimpa marehemu wajane wanne badala ya mmoja na kilio kikageuka uwanja wa ndondi. Lakini hayo yalikuwa makosa ya kuchekwa baadaye. Hili lilimwondolea mzee watu wote waliokuwa wakimtafuta, kwa sauti nzuri, yenye heshima.

Alikwenda kwa mkurugenzi, Jeannot, akamkuta ameshajua, maana habari mbaya hazihitaji ngazi. Jeannot hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, kwa namna ya watu wanaoendesha redio ndogo. Alisema kosa lisemwe, ndiyo, ila kwa sentensi moja, na iitwe hitilafu ya mitambo. Redio ikisema leo kwamba mtu amekufa na kesho kwamba hajafa, akauliza, nani tena ataamini anapoitwa kwenye msiba wa kweli? Delphine akamjibu kwamba mitambo haijui Kifaransa. Akaondoka, na mkurugenzi hakumzuia.

Adhuhuri alikaa mbele ya maikrofoni akasema yote. Kwamba Papa Adalbert hajafa, kwamba amepotea, kwamba aliyekosea si mashine wala familia, ni yeye Delphine. Alieleza koti la kazini, urefu wake, mwendo wake wa kuvuta mguu wa kushoto. Aliwaomba vijana wakunje turubai warudi njiani. Alisema mara tatu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Princesse alipiga simu kutoka nyumbani akasema turubai liko pale pale. Watu walisikia, wakatikisa vichwa. Wengine walisema familia imeomba redio imfariji binti. Wengine walisema Mama Delphine mwenyewe amechoka, maskini, vifo vimemwingia kichwani. Wazee wawili walikuwa wameanza kubishana mzee azikwe wapi. Sauti iliyomuua asubuhi ilikuwa na nguvu kuliko sauti iliyomfufua mchana, na zote mbili zilikuwa sauti moja.

Delphine alibaki kitini huku muziki ukijaza saa. Alikuwa kama yumo ndani ya usingizi ambao mtu anaujua ni usingizi na bado haamki. Nje ukungu ulikuwa umeisha lakini mwanga ulikuja mweupe na mzito, kama umepita kwanza kwenye maziwa. Aliziona zile reli tena, bila kusoma jina lolote, na safari hii hakuzikimbia. Aliziacha ziende mpaka mwisho wa macho yake. Alijiambia kwamba mzee yule hakupita kioo kwa sababu hakuwa na cha kupita nacho, bado alikuwa anautumia mwili wake. Akakasirika kwa kuwa jambo hilo aliliona mapema na akaliita uchovu.

Ariel aliingia na kikombe cha chai, akitaka kumchekesha kidogo. Alisema mji huu una vituko: dereva mmoja wa lori la mawe amepiga simu kuomba jina la padri mzuri, maana usiku wa kuamkia leo kwenye njia ya reli ameona mzimu wa yule mzee aliyetangazwa, umevaa koti la bluu, unavuta mguu. Ariel akacheka. Halafu akaona Delphine ameweka kikombe chini bila kukiangalia, akaacha kucheka.

"Alisema wapi?" Delphine aliuliza.

Dereva hakusema wapi. Alikata simu baada ya kupewa jina la padri. Lakini Delphine alikuwa tayari amesimama. Ikiwa mji mzima unaamini kwamba mzee amekufa, basi hakuna atakayesema amemwona. Aliyemwona atakuwa amekimbia, na amefunga mlango, na anasali. Jamani, watu wa kumtafuta walikuwepo siku nzima, ila walikuwa wamejificha chini ya vitanda vyao.

Aliomba muziki ukatwe. Ariel akaukata katikati ya ubeti.

"Bandugu, mi njo Delphine," alisema. "Sitabauliza nani aliona Papa Adalbert muzima. Ninabauliza: jana na leo, nani alikutana na muzimu? Anipigie. Sitamucheka."

Ariel alitazama taa za simu. Kisha taa ya kwanza ikawaka, na ya pili, na zote. Mama mmoja alisema kwa kunong'ona kwamba mzimu ulipita nyuma ya choo chake jana ukamsalimia kwa adabu. Fundi baiskeli alisema aliuona umeinama kwenye reli, umeweka sikio juu ya chuma, unasikiliza. Mwalimu mmoja, mtu wa hesabu, alijitambulisha kwa vyeo vyake vyote kabla ya kukiri kwamba usiku, katika ukungu, aliukimbia akaacha kiatu. Kila mmoja alitaja mahali, na Ariel aliandika nyuma ya karatasi ya makomunike: nyuma ya karakana, kwenye daraja la mbao, penye vichuguu vitatu. Mahali palipangana pole pole kama shanga kwenye uzi. Mzimu ulikuwa unafuata reli ya Sakania, kituo kwa kituo, kama gari la moshi ambalo mtu amelisahau njiani na bado linajitahidi kufika.

Simu ya mwisho ilikuwa ya mama aliyejiita Émerance, anayeuza chai na mikate kwa wachoma makaa, kwenye kituo kidogo ambacho treni hazisimami tena. Yeye hakunong'ona. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeogopeshwa kazini.

"Alikuya mu brouillard, akaniomba chai," alisema. "Redio ilikuwa inasema jina yake. Akaniambia: Mama, ule njo miye. Nikakimbia na redio yangu."

Delphine alimuuliza mzee huyo, aliyetoka ukunguni na kusema anayetajwa ni yeye, yuko wapi sasa. Émerance akajibu kwamba yuko pale pale, tangu asubuhi, ameketi chini ya paa la kituo. Alimchungulia mara mbili kwa mbali. Chai aliyomwachia hajaigusa. Alipomwuliza kwa mbali, alisema anangojea.

Mkurugenzi Jeannot, ambaye alikuwa amesikiliza yote kutoka korido na funguo za gari mkononi, alitoa simu yake. Alimpigia Princesse akamwambia atoke barabarani, anakuja kumchukua. Delphine alitaka kwenda nao. Lakini Ariel alimwonyesha simu zilizokuwa bado zinawaka, na mji mzima uliokuwa umeshika redio kama umeshika mkono wa mtu, akabaki. Nadhani hakuna kazi ngumu kuliko kubaki.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Princesse alipopiga simu. Delphine alitegemea kilio cha furaha. Alisikia upepo, na mtu akipumua.

Mzee alikuwa hai. Midomo imepasuka, vidole vimekuwa baridi kama chuma, lakini hai, na amemtambua binti yake kwa jina. Walimvika koti la Jeannot. Walimshika mikono wamwinue, akaitoa mikono kwa upole.

"Anakatala kusimama," Princesse alisema. "Anasema Mama Delphine hasemake bongo. Anasema bafu habarudiake ku nyumba, ataogopesha batoto."

Delphine alifumba macho. Ndiyo hivyo basi: Mama Delphine hasemi uongo, na wafu hawarudi nyumbani. Mzee aliyekuwa anasahau vitu vyote, aliyesahau njia na mlango na chakula, alikuwa amesikia jina lake likisomwa vizuri, na hilo hakulisahau. Alikubali. Aliketi mahali pa kungojea akangojea, kwa kuwa mtu wa reli anajua kungojea, na kwa adabu, asisumbue walio hai. Delphine alilia hapo, na simu ikiwa sikioni, bila kujificha.

Alipopata sauti aliomba mzee apewe simu. Princesse akajibu kwamba wamejaribu. Mzee anasema kwenye simu kila mtu husema anachotaka. Anaamini redio. Émerance ameileta redio yake ndogo, wameiweka juu ya jiwe mbele yake, naye anaitazama.

Basi Delphine akachukua karatasi safi. Alikuwa ameandika na kusahihisha makomunike elfu kwa elfu, anajua neno gani linakaa mbele ya lipi. Lakini hili hakuwa na mfano wake. Hakuna jamaa iliyowahi kuleta komunike kwamba mtu wao anaishi. Aliandika mstari, akaufuta. Aliandika kwa Kifaransa, akaikunja ile karatasi akaitupa, maana Kifaransa kilikuwa kimeshamtendea vya kutosha. Akaandika kwa maneno ya jikoni. Ariel akainua kidole, taa nyekundu ikawaka, na Delphine akasoma kwa sauti ile ile ya alfajiri, haraka yoyote haimo, jina zima mahali pake.

"Jamaa ya Chomba inatangaza kwa bandugu, barafiki na majirani kama papa yabo, Adalbert Chomba, machiniste wa zamani, iko muzima. Hakuna kilio. Chakula iko tayari. Batoto habaogope. Anaombwa arudi ku nyumba."

Hakumpa Ariel ishara ya muziki. Ukimya ukaingia hewani, kitu ambacho redio yoyote hukiogopa kuliko radi, na ukakaa. Kwenye lupango la Chomba, walisema baadaye, wanawake walishusha vitenge kutoka midomoni. Vijana wa kwaya walisimama wakishika kamba za turubai, hawajui wazivute au wazifungue. Delphine alihesabu pumzi zake. Alifika ishirini na kitu akapoteza hesabu. Alifikiri kwamba ametumia sauti yake vibaya mara moja tu katika maisha, na kwamba mara moja inatosha.

Simu ikawaka. Ariel aliipitisha hewani bila kuuliza.

Haikuwa sauti ya Princesse. Ilikuwa sauti kavu ya mzee, ya mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za injini, na aliitoa kwa shida, kama anayejaribu mlango asioujua kama umefungwa.

"Mama Delphine," alisema. "Soma tena."

Delphine akafuta machozi kwa kiganja, akaisogeza maikrofoni karibu, akasoma tena kutoka mwanzo.